Kadi ya MB Nne na Jiwe la Masanja

Ninyi mnaochagua kadi ya picha ya kompyuta kwa kutazama taa zake zinavyobadilika rangi, kaeni hapa kidogo. Sina ugomvi na taa. Ninauliza tu zinasaidia nini. Nilimuuliza kijana mmoja dukani kwake hapa Shinyanga, akanijibu, "Mama, hizo ni za muonekano." Nikamuuliza nani anaziona, maana kadi yenyewe inafungiwa ndani ya boksi la chuma. Akaamua kumhudumia mteja mwingine. Nimestaafu ufundi, sijastaafu maswali.

Kadi nilizoanzia kazi mimi, mwishoni mwa miaka ya tisini, hazikuwa na taa wala feni. Kilikuwa kibao cha kijani kama kiganja, chipu moja nyeusi katikati, na juu yake kipande cha alumini chenye mapezi kama ya samaki cha kutolea joto. Kazi yake ni ileile ya kadi zenu: kompyuta inafikiri, kadi inachora. Gemu ikitaka gari lipite kwenye kona na mti uonekane nyuma yake, kadi ndiyo inayouchora huo mti, haraka kiasi kwamba jicho lako linaona mwendo. Kadi ikichoka, unaona gari linaruka kama chura.

Nilijifunzia kazi kwa Mzee Nurali, aliyekuwa na duka la redio, betri na pasi karibu na soko la Shinyanga mjini, na kwenye kona moja kompyuta zilizokuwa zimeanza kuingia mjini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fizikia na tabia ya kutoamini chochote. Kabla ya kuingia dukani kwake nilifundisha muhula mmoja, nikamuuliza mkuu wa shule kwa nini tunawakaririsha watoto vifaa ambavyo sisi wenyewe hatujawahi kuvishika, tukaachana kwa amani. Jina langu ni Minza. Mzee Nurali aliniita Minza Kwa Nini, na wateja wakadhani ni jina la ukoo.

Somo la kwanza alinipa siku niliyosoma boksi la kadi mbele ya mteja, kuanzia juu, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Mteja alipoondoka Mzee Nurali alivua miwani.

"Beti," aliniita hivyo, kwao maana yake binti, "boksi unasoma kutoka chini kwenda juu."

"Kwa nini?"

"Najua utauliza. Juu kabisa anaongea mwenye duka. Katikati anaongea mwenye kiwanda. Chini kabisa, maandishi madogo kama chawa, anaongea mhandisi. Yeye peke yake hana cha kuuza."

Chini kabisa huwa pameandikwa mahitaji: kadi inachomekwa kwenye sloti ya aina gani, inataka kompyuta ya namna gani, programu yake inakuja kwenye nini. Anzeni hapo hata leo. Mwalimu mmoja wa Kolandoto alianzia juu. Alinunua kadi nzuri mahali pengine, kadi ya sloti fupi ya kahawia iliyokuwa ngeni wakati ule, AGP. Kompyuta yake ilikuwa na sloti nyeupe tu, za PCI. Kadi ikakataa kuingia. Alipotuletea ilikuwa na alama za tupa upande mmoja.

"Mwalimu, umeikwangua?" nikamuuliza.

"Nimeinyoa kidogo tu. Nilidhani wameikata vibaya kiwandani."

Msicheke sana. Nimewaona wenzenu wakilazimisha vitu hivyohivyo, tofauti ni kwamba wao walitazama video kwanza.

Somo la pili nilijipa mwenyewe, na Mzee Nurali hakulipenda. Zilikuja kadi za bei ya chini za aina mbili, zote za sloti nyeupe, zote zikijisifu kwamba zinachora picha za pande tatu. Moja ilikuwa na kumbukumbu ya MB nane, nyingine MB nne. Wateja wote walitaka nane. Kwa nini? Kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne. Hilo jibu lilinikera kwa namna lilivyokuwa rahisi. Nikafungua boksi zote mbili, nikachomeka kadi moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ileile, nikaendesha gemu ileile ya mbio za magari, kona ileile. Ile ya nne ilipita kama maji. Ile ya nane iliyumba kama mlevi anayetafuta ufunguo.

"Umefungua boksi langu jipya?" Mzee Nurali alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nilitaka kujua, Mzee."

"Sasa umejua. Mimi nitamuuzia nani boksi lililofunguliwa?"

Lakini alikaa akatazama. Akaniambia nirudie. Jibu lilikuwa chini ya boksi, kwenye maandishi ya chawa: upana wa njia ya kumbukumbu, biti thelathini na mbili kwa ile ya nane, sitini na nne kwa ile ya nne. Ninyi mmeyaona maghala ya pamba. Ghala kubwa lenye mlango mmoja mwembamba, wapagazi wanasukumana, lori linasubiri. Ghala dogo lenye milango miwili mipana, lori limeshaondoka. MB ni ukubwa wa ghala, biti ni mlango. Na vioo vyetu vya wakati ule vilikuwa vidogo, inchi kumi na nne, picha moja haikujaza hata hilo ghala dogo. Kwa hiyo swali la kwanza si ghala lina ukubwa gani. Ni unapitisha nini, na kwa mlango upi.

Tangu siku hiyo nikawa na maneno yangu, nikimwambia kila mteja: "Usiniamini mimi, usiamini boksi. Pima mwenyewe." Niliyapenda sana maneno hayo. Yakaja kuniponza Katoro.

Mama Shija alikuwa mjane wa makamo, mcheshi, mwenye kibanda cha video pale Katoro, karibu na barabara ya kwenda Ushirombo. Wachimbaji wa dhahabu wa pale walikuwa wanaanza kuzichoka video. Yeye akanunua kompyuta iliyotumika, iliyoachwa na wataalamu wa miamba walipohamisha kambi, akataka ionyeshe mbio za magari. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzima, ila uwezo wake wa kuchora uliishia kwenye gemu ya karata.

Tatizo lake halikuwa karata. Chumba cha kibanda kilikuwa cha marehemu mumewe, na shemeji yake, Masanja, alikitaka kiwe stoo ya mashine yake ya kusagia mawe, ile wachimbaji wanayoiita karasha. Kikao cha ukoo kikaamua kwa busara ya kutaka kuondoka mapema: Mama Shija akiwa na gemu inayotembea kufikia siku ya mnada, soko kubwa la Katoro, chumba ni chake. Ikishindikana, cha Masanja. Mama Shija alikuja mwenyewe Shinyanga, akaeleza yote hayo akiwa bado amebeba kuku.

"Mwanangu," akaniambia, "nichagulie kadi kama unachagua mume. Uzuri siutaki, nataka ifanye kazi."

Nikachagua ile ya MB nne. Nikafunga safari kwa gari la abiria, kadi nimeizungushia kanga ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, nikala wali Kagongwa, nikafika Katoro nimekuwa mwekundu kwa vumbi. Mnada ulikuwa kesho yake.

Masanja alinikuta nimefungua kompyuta, ninafuta vumbi la wenyewe wa zamani. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, kofia ya kitambaa, mfukoni kitu kizito. Kazi yake nyingine ilikuwa kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Ndiye fundi? Nilidhani fundi yuko nyuma yako."

"Nyuma yangu kuna kuku."

Akacheka. Akakaa. Akaitazama kadi juu ya kanga. "Hii ina ngapi?"

"Kumbukumbu MB nne."

"Na dukani kwenu kuna za ngapi?"

Sikutaka kudanganya. "Hata za nane zipo."

Akamgeukia Mama Shija taratibu kama mtu anayegeuza gari kubwa. "Shemeji, umesikia? Nane zipo. Umeletewa nne."

"Shemeji, wewe ng'ombe wako unawachagua kwa kuhesabu madoa?" Mama Shija akamjibu. Lakini niliona ameingiwa na wasiwasi.

Hapo ndipo nilipofanya kama chuo kilivyonifundisha: nikatoa karatasi ya sifa za kadi, nikamtafsiria Masanja mstari kwa mstari. Nikamweleza ghala na milango. Nikamweleza rangi elfu sitini na tano, akaniuliza nani amezihesabu, swali zuri. Nikamweleza kwamba kadi haihitaji waya wake wa umeme, inakula kutoka kwenye sloti, na haina feni kwa hiyo feni haiwezi kuharibika. Alikuwa anapiga miayo kwa adabu. Halafu nikafika mstari wa karibu na mwisho, nikausoma kama mingine yote: meno ya kuchomekea yamepakwa dhahabu.

Miayo ikakatika.

"Yamepakwa nini?"

"Dhahabu. Hayo meno ya chini hapo, yanayong'aa."

"Dhahabu gete?" Kwa Kisukuma anauliza kama ni ya kweli kabisa.

Na mimi, Minza Kwa Nini, msomi, nikasema kwa raha zangu zote: "Usiniamini mimi. Pima mwenyewe."

Kisha nikaenda uani kunawa, maana Mama Shija alikuwa ametenga ugali.

Nadhani mmeshaona. Mahali pengine popote Tanzania, ukimwambia mtu apime kadi ya picha, atakuomba uiwashe. Masanja alitoa mfukoni jiwe lake jeusi la kupimia na kichupa cha asidi. Ndivyo alivyofundishwa na sonara mmoja: unasugua dhahabu kwenye jiwe mpaka iache mstari, unadondoshea asidi juu ya mstari. Mstari ukibaki, dhahabu. Ukifutika, umeletewa shaba.

Niliporudi na mikono inayodondosha maji, alikuwa ameshika kadi yangu kama kipande cha muwa, na kona moja ya meno ilikuwa imepauka. Kwenye jiwe palikuwa na tone la kijani.

"Umefutika," alisema bila furaha. Nilitamani afurahi ili nimchukie. "Dada, si dhahabu. Wamewauzia shaba."

"Mzee, umesugua kadi?"

"Umesema nipime."

Mlangoni walikuwa wameshakusanyika wachimbaji waliokuja kuona kompyuta. Mmoja akasema, "Fundi kapigwa!" Mwingine, "Kapigwa nani? Fundi ndiye kapiga!" Katoro ukiitwa mwizi wa kuku unaweza kujitetea. Ukiitwa mtu wa dhahabu ya uongo, hata maji ya kunywa wanakuuzia huku wanakutazama mkononi.

Masanja akaendelea kwa upole wake uleule. "Karatasi yako ina mistari mingi. Mimi nimeweza kupima mmoja. Umeshindwa. Hiyo mingine nitaiamini kwa sababu gani?"

Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, sijasikia swali bora zaidi. Lilikuwa swali langu. Ni kama kukutana na ng'ombe wako kwenye zizi la mtu mwingine.

Mama Shija alifunika ugali. Kwa mwanamke yule, kufunika chakula kabla wageni hawajala ilikuwa sawa na kupiga yowe.

Nikaketi, nikaanza upya. "Mzee Masanja, karatasi ilisema dhahabu, au ilisema imepakwa dhahabu?"

"Imepakwa."

"Nyumba ikipakwa chokaa, ukichimba ukuta utakuta chokaa mpaka upande wa pili?"

Kicheko mlangoni. Yeye hakucheka, alikuwa anafikiri. "Kwa hiyo jiwe langu limepita chokaa likafika kwenye tope."

"Ndiyo. Jiwe lako ni zima na karatasi ni nzima. Dhahabu imewekwa pale nyembamba kama pumzi, kazi yake ni kuzuia kutu tu. Shaba ya chini yake inapitisha umeme vizuri kabisa."

"Hayo ni maneno," akasema Masanja. "Mazuri. Lakini ni maneno."

Alikuwa na haki. Nikachomeka kadi. Mama Shija akamwashisha jirani jenereta yake, kwa maana ya kumwita kwa jina mara nyingi mpaka akawasha. Nikabonyeza kitufe. Kioo kikabaki cheusi. Kompyuta ikalia: mlio mmoja mrefu, mifupi kufuata.

"Inalia," mtu akasema mlangoni, "imefiwa."

Vijana, kompyuta zenu haziongei siku hizi, zinawaka taa tu au zinanyamaza. Za kwetu zililia, na fundi alisikiliza kama mkunga. Mlio ule maana yake ni: sioni kadi ya picha. Haikusema kadi imekufa, ilisema haioni. Hizo ni habari mbili tofauti, na tofauti yake ndiyo mshahara wa fundi.

Nikaichomoa, nikaipeleka juani. Kati ya meno palikuwa na unga mweusi. Lile jiwe liliposuguliwa liliacha vumbi lake, na vumbi likajipanga kati ya jino na jino, mpaka kwenye meno mazima. Nikatoa ufutio wa penseli kwenye mkoba, nikasugua taratibu, kwa mwelekeo mmoja tu, kutoka juu kwenda ncha. Fanyeni hivyo mpaka leo, ufutio mweupe laini, si ule wa bluu wa kalamu ya wino, huo ni sawa na jiwe la Masanja. Lakini unga wa ndani ulitaka kuoshwa, na maji sikuyataka.

"Spiriti ipo?" nikauliza.

Wakatazamana. "Spiriti hakuna," akasema mmoja. "Gongo ipo."

Ikaletwa. Nikamimina kidogo kwenye kizibo, nikawasha kiberiti. Haikuwaka. Aliyeleta akaapa kwa majina ya wazazi wake wote. Ikaletwa chupa nyingine, ya kutoka kwa mama mwingine. Ikawaka kwa moto wa bluu, na pale mlangoni pakatokea mjadala mkali kuhusu chupa ya kwanza ambao nadhani haujaisha hadi leo.

"Kumbe na wewe unapima," alisema Masanja.

"Kila kitu, Mzee."

Nikaosha meno kwa mswaki mpya, nikaianika kadi mpaka ikakauka kabisa. Kisha nikaichomeka kwa vidole viwili, nikiisukuma sawasawa pande zote, wala sikuomba, ingawa Mama Shija aliniombea kwa sauti.

Mlio mmoja mfupi. Kioo kikapata rangi.

Kufunga programu ya kadi kulichukua muda wa mtu kula ugali uliopoa, na tuliula. Gemu ilipofunguka, gari jekundu likasimama kwenye mstari, milima nyuma yake, mawingu yanatembea. Wachimbaji wakasukumana kizingitini. Nikaondoka kwenye kiti.

"Mzee Masanja. Mstari wa karatasi unasema inachora picha za pande tatu bila kukwama. Pima."

Akakaa. Kiti kikalalamika. Nikamwonyesha vitufe vinne. Kona ya kwanza aliingia mtoni. Ya pili akagonga mlima. "Huu mlima haukuwepo!" akasema. Ya tatu akapita, gari lake likashika nafasi ya pili, na watu wakapiga kelele, na yeye mwenyewe akainama upande na gari, kofia ikaanguka, asiiokote.

Hapo umeme ukayumba. Kioo kikajikunja kama mtu aliyeumwa tumbo, kompyuta ikajizima na kuanza upya. Nyuma ya nyumba ulikuwa unasikika mngurumo.

"Nini hiyo?" Masanja akafoka, mtu mpole yule. "Kadi?"

"Siyo kadi," nikasema. "Kuna kitu kikubwa kimewashwa kwenye jenereta hiihii. Kinanyonya umeme wote."

Kila mtu alijua ni nini. Mama Shija ndiye aliyesema, akiwa anaokota vyombo, kwa adabu zote za shemeji kwa shemeji: "Ni karasha yako, shemeji."

Masanja alitazama kioo. Kompyuta ilikuwa inahesabu kumbukumbu zake taratibu. Alitazama mlangoni, nyuso zile zote zinasubiri zamu.

"Nendeni mkawaambie vijana wangu waizime," alisema. "Nilikuwa wa pili."

Siku ya mnada foleni ilifika barabarani. Kikao cha ukoo hakikuhitaji kukaa tena, kwa sababu aliyeshtaki alikuwa ndani anacheza. Karasha ilitafutiwa jenereta yake na stoo yake, mbali, na Masanja mwenyewe ndiye aliyesisitiza umbali.

Niliendelea kuihudumia kompyuta ile mpaka ilipochoka. Mama Shija alininunulia kuku nikataa, akanipa kadi nikakubali. Ninayo hapa mezani. Zile shaba zilizovuliwa dhahabu zimeota kutu ya kijani, maana dhahabu, kama nilivyomwambia Masanja, ndiyo ilikuwa inazuia kutu. Miaka baadaye nilipata mchoro wa sloti zile nyeupe, unaoeleza kazi ya kila jino, nikatafuta meno yale ya kona. Mengi kati ya hayo ni ya kiwandani ya kufanyia majaribio. Kadi ikishatoka kiwandani haiyatumii. Angeweza kuyasugua yakaisha.

Kwa hiyo hotuba yangu ya chokaa na shaba, iliyowachekesha watu pale mlangoni, ilikuwa kweli tupu na haikuhusika. Nilimpelekea Masanja habari hiyo nilipopita Katoro. Alikuwa amezeeka, ameketi nje ya chumba kilekile, ambacho sasa mabinti wa Mama Shija wanatengenezea simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akatoa jiwe lake mfukoni akaligeuza geuza.

"Kwa hiyo nilipima meno ambayo hayakuwa na kazi."

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe ukayatetea."

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Wabeja," akasema, asante kwa Kisukuma, na akalirudisha jiwe mfukoni. "Lakini kwenye ile kona ya tatu nilikuwa wa pili. Hiyo waliiona watu."